Vifaa vya kusisitiza vya WhatsApp: vinafanya nini, vinakwama wapi, na vinavyobadilisha sauti ya ujumbe

WhatsApp ina njia nane za kubadilisha sura ya maandishi, zote bure. Herufi nzito, italiki, mstari wa kukata na herufi za upana sawa zilikuja mwaka 2016. Orodha ya vitone, orodha ya namba, nukuu na msimbo wa ndani ya mstari (maandishi yanayoachwa kama yalivyoandikwa) ziliongezwa Februari 2024. Hakuna kupiga mstari chini ya neno, hakuna rangi, hakuna kukuza herufi. Upungufu huo ni sifa yake mojawapo, kwa sababu ujumbe wenye rangi tatu na saizi nne haumsaidii msomaji wa simu ndogo, na makundi yetu ya familia, vikoba, harusi na misiba tayari yana kelele za kutosha.

Msimamo wa mapitio haya ni huu: vifaa hivi ni vizuri sana vikitumika kumwonyesha msomaji mahali pa kuangalia, na ni vibaya vikitumika kupandisha sauti. Kiswahili kina njia zake za kusisitiza ndani ya sentensi yenyewe, na mara nyingi zinafanya kazi hiyo kwa adabu zaidi kuliko nyota mbili.

Ishara zenyewe, na kwa nini zinagoma

Neno linakuwa nzito likiwekwa kati ya nyota: *Ijumaa*. Linalala kwa italiki likiwekwa kati ya vistari vya chini: _Ijumaa_. Linakatwa kwa viwimbi: ~Ijumaa~. Herufi za upana sawa zinahitaji vialama vitatu vinavyofanana na apostrofi iliyoegemea kushoto, vitatu mwanzoni na vitatu mwishoni. Kimoja kila upande kinatoa msimbo wa ndani ya mstari. Orodha ya vitone inaanza na kistari au nyota kisha nafasi. Orodha ya namba ni tarakimu, nukta, nafasi. Nukuu ni alama ya > kisha nafasi, mwanzoni mwa mstari.

Asiyetaka kukariri anaweza kubonyeza na kushikilia neno alilokwisha kuandika, kisha achague kwenye menyu inayotokea. Kwa anayeandika matangazo kila siku, ishara ni za haraka zaidi. Tatizo ni kuzipata. Kwenye kibodi ya Google, nyota na kistari cha chini viko ukurasa wa kwanza wa alama, lakini kiwimbi na kile kialama cha kuegemea vimewekwa ukurasa wa pili. Kwenye iPhone nyota, kistari cha chini na kiwimbi vyote viko ukurasa wa pili, na kialama cha kuegemea hakionekani kabisa mpaka ushikilie apostrofi.

Sehemu kubwa ya nyota zinazobaki zikining'inia kwenye matangazo inasababishwa na nafasi. Nyota lazima igusane na herufi. "* Ijumaa*" haifanyi kazi, na "*Ijumaa *" pia haifanyi. Kosa hili la pili ndilo linalowapata wengi bila kujua, kwa sababu ukichagua neno lililopendekezwa juu ya kibodi, kibodi inaongeza nafasi yenyewe baada ya neno, kisha wewe unaandika nyota ya kufungia. Futa nafasi hiyo kwanza. Kagua kabla ya kutuma: maandishi yanabadilika sura papo hapo kwenye kisanduku cha kuandikia, kwa hiyo kama neno halijanenepa pale, halitanenepa kwa msomaji.

Sababu ya pili ni mstari mpya. Herufi nzito haziruki kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Katibu anayefungua nyota mwanzo wa tangazo la aya nne na kuifunga mwisho wake hapati tangazo zito. Anapata nyota mbili zilizo mbalimbali. Suluhisho la kiufundi ni kufungua na kufunga kila mstari. Suluhisho la kiandishi ni kuacha. Aya nne nzito ni sawa na aya nne nyepesi: jicho halina pa kutua.

Ya tatu inawahusu wenye biashara. Jina la akaunti lenye kistari cha chini mwanzoni na mwishoni, mfano _duka_letu_, linageuka italiki na vile vistari vya pembeni vinatoweka. Mteja anatafuta jina lisilo sahihi, hakuoni. Liandike ndani ya vialama vya msimbo, `_duka_letu_`, na kila kistari kitabaki. Dawa hiyohiyo inafaa kwa namba za huduma za simu zenye nyota na reli. Kwa anayeelekeza watu wapige `*150*00#`, vialama vya msimbo vinahakikisha hakuna nyota itakayochukuliwa kuwa agizo la kunenepesha.

Mweka hazina naye ajihadhari na kistari cha kutoa. "- 5,000" mwanzoni mwa mstari, ikiwa na nafasi, inageuka kitone na 5,000. Deni limekuwa mchango. Andika "-5,000" bila nafasi, au bora zaidi, "anadaiwa 5,000".

Neno moja zito, maana tatu

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Tuchukue sentensi ya kawaida ya kikundi cha kuweka akiba: Mama Asha hajalipa mchango wa Machi.

Ukiandika "*Mama Asha* hajalipa mchango wa Machi", umesema wengine wote wamelipa na macho yote yamgeukie yeye. Ukiandika "Mama Asha *hajalipa* mchango wa Machi", inasomeka kama mabishano: kuna mtu alisema amelipa, nawe unamkanusha mbele ya watu. Ukiandika "Mama Asha hajalipa mchango wa *Machi*", umemsaidia kidogo, maana msomaji anaelewa kuwa Januari na Februari hazina shida. Taarifa ni ileile, hakuna neno lililoongezwa wala kuondolewa, lakini katika hali mbili za kwanza Mama Asha ana sababu ya kutoka kwenye kundi usiku huohuo.

Sasa itazame kazi hiyo ikifanywa na lugha. "Mama Asha amebakiza Machi tu." Neno *tu* limefanya alichotaka kufanya mwandishi wa mfano wa tatu, na limefanya kwa upole. "Aliyebaki kwa Machi ni Mama Asha" inamtaja yeye peke yake kama mfano wa kwanza, lakini kwa sauti ya kutoa hesabu, si ya kunyooshea kidole. Tunazo *ndiye*, *ndio*, *ndipo*, tunazo *hasa*, *kabisa*, *hata*, tunaweza kuhamisha neno likaenda mwanzoni mwa sentensi, tunaweza kulirudia. Tenzi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na hakuna msomaji aliyekosa kujua uzito uko wapi. Uzito ulikuwa kwenye mpangilio, kwenye vina na kwenye maneno yaliyorudiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka nyota, jaribu *ndi-* kwanza. "Mwenyekiti *mwenyewe* alikubali" na "Mwenyekiti ndiye aliyekubali" hazina sauti moja. Ya kwanza inasuta. Ya pili inaeleza.

Kuna kasoro ya WhatsApp ambayo mwandishi wa Kiswahili anaiona kuliko mwandishi wa lugha nyingine nyingi. Ishara hazifanyi kazi katikati ya neno. Kwetu tofauti kubwa za maana zinakaa humohumo: tumelipa, tunalipa, tutalipa, hatukupata, hatujapata. Mtu anayetaka kusisitiza kwamba malipo *yamekwisha* kufanyika angependa kunenepesha -me- peke yake, na programu inamrudishia nyota zilizokwama katikati ya herufi. Ukinenepesha neno zima, *tumelipa*, msomaji hajui kama unasisitiza nani, lini au tendo lenyewe. Njia iliyo wazi ni kuongeza kiungo cha lugha: tumeshalipa, bado hatujapata, tutalipa, lakini si wiki hii. Hii ni kasoro ya kweli na inastahili kurekebishwa, ingawa kwa kuikwepa hivi sentensi nyingi zinatoka bora kuliko zingekuwa na nyota.

Amri, ombi, na neno "tafadhali"

Kitenzi cha kuamuru hakihitaji unene. "*Lipeni* kabla ya Ijumaa" ni amri iliyopandishiwa sauti, na kundi lenye wazee halipaswi kusomewa hivyo. Geuza kitenzi kiwe ombi, kisha peleka unene kwenye kitu ambacho jicho linakitafuta: "Ndugu wanakikundi, tunaomba michango ifike kabla ya *Ijumaa tarehe 14*." Hapo mzee anasoma ombi, na kijana anayepitisha macho haraka anakamata tarehe.

Kamwe usinenepeshe "tafadhali". "*Tafadhali* msiongee siasa humu" inasomeka kama mtu aliyekwisha kuchoka. Vivyo hivyo alama za mshangao tatu baada ya "asanteni", au ile ya king'ora iliyobandikwa mwanzoni mwa tangazo la kawaida la kikao. Admini akitumia king'ora kwa kikao cha Jumapili, siku ya dharura ya kweli hana cha kutumia.

Herufi kubwa zina kanuni yake. Kichwa cha neno moja au mawili, kama TANZIA, MKUTANO MKUU au MABADILIKO, kimezoeleka na hakimkeri mtu. Sentensi nzima kwa herufi kubwa inasomeka kama kelele, na pia inasomeka polepole. Kwa Kiswahili chenye maneno marefu kama "watakaoshindwa kuwasilisha", hasara ni kubwa zaidi.

Tangazo la msiba

Huu ndio ujumbe ambao makosa ya mkazo yanaumiza. Muundo unaofaa ni mfupi: neno TANZIA mstari wake peke yake, jina kamili la marehemu kwa herufi nzito, uhusiano wake na anayetangaza, kisha mahali na saa ya maziko, navyo kwa herufi nzito. Basi. Kama kuna dua au aya ya Maandiko mwishoni, italiki inaifaa, kwa sababu inaitofautisha na taarifa bila kuipandisha sauti.

Kinachokwenda kombo mara nyingi ni namba ya rambirambi. Waandaaji wanaipa unene, mstari wake, na pengine alama tatu za mkono unaoonyesha chini. Matokeo ni kwamba kitu kinachoonekana kwanza kwenye ujumbe wa msiba ni fedha. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini mkazo unasoma nia ambayo mwandishi hakuwa nayo. Weka namba ya rambirambi kwenye ujumbe wa pili, bila unene wowote, na ujumbe wa kwanza ubaki wa marehemu.

Vitone navyo havifai kwa ratiba ya maziko. Orodha ya vitone ina sauti ya shughuli za ofisini: mwili kuwasili, ibada, kuaga, maziko, chakula. Yaleyale yakiandikwa kwa sentensi mbili yanakuwa na heshima. "Mwili utawasili nyumbani *saa 3 asubuhi*. Baada ya ibada, maziko yatafanyika *saa 8 mchana*."

Na hapo kwenye saa, nenepesha saa pamoja na kipindi cha siku, usitenganishe. Ukinenepesha *saa 8* peke yake, ndugu walio Muscat, London au Minnesota, ambao wanaishi na saa ya Kizungu kutwa nzima, wanaweza kushika nane ya asubuhi au ya usiku wa huko. *Saa 8 mchana* haina shaka, na kwa kundi lenye watu wa nchi nyingi ongeza "saa za Afrika Mashariki".

Hesabu za michango

Herufi za upana sawa ndizo kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote, na kwa mweka hazina ndicho chenye faida kubwa. Katika herufi za kawaida, "i" ni nyembamba na "m" ni pana, kwa hiyo safu za majina na fedha hazinyooki hata upange nafasi vipi. Katika herufi za upana sawa kila herufi inachukua nafasi moja, na alama hizi zinakubali kuvuka mistari mingi, tofauti na nyota:

```
Amina....20,000
Baraka...15,000
Chausiku..5,000
Jumla....40,000
```

Nukta zimewekwa kwa makusudi. Kibodi nyingi zina tabia ya kugeuza nafasi mbili mfululizo kuwa nukta na nafasi, na mtu anayejaribu kupanga safu kwa nafasi anapata nukta zilizotawanyika hovyo. Zima tabia hiyo kwenye mipangilio ya kibodi, au tumia nukta tangu mwanzo. Usizidishe herufi ishirini hivi kwa mstari, jina na fedha pamoja. Mstari mrefu unakatika kwenye simu ndogo, fedha inashuka chini, na msomaji anaiona kama ya mtu anayefuata. Majina marefu yafupishwe, na tarakimu za mwisho zilingane upande wa kulia ili kosa la sifuri moja lionekane kwa jicho.

Onyo moja kubwa: maana isitegemee unene peke yake. Orodha inayosema "walioandikwa kwa herufi nzito hawajalipa" inamwacha nje mwanakikundi asiyeona anayesomewa ujumbe na simu, kwa sababu visomaji vya skrini kwa kawaida havitaji kama neno ni zito. Inakufa pia pale mtu anapoisambaza kwa SMS, ambako hakuna unene, kuna nyota tupu. Andika "bado" mbele ya jina. Herufi nne, na kila mtu anaelewa.

Namba ya kulipia ni kesi ya peke yake. Wauzaji wanaipenda iwe nzito, lakini mteja akinakili ujumbe, ishara zinanakiliwa pamoja nao, naye anabandika nyota kwenye sehemu inayotaka tarakimu. Itume kama ujumbe wa peke yake, tarakimu tupu, bila jina, bila nukta ya mwisho. Telegram imelitatua hili vizuri zaidi: ukigusa maandishi ya upana sawa, yanajinakili yenyewe.

Kukata, kuhariri, kunukuu

Mstari wa kukata una kazi mbili halali. Ya kwanza ni bei: ~45,000~ 35,000. Mteja anaona punguzo bila kuelezwa. Usiikate bei ambayo haijawahi kuwapo. Wateja wa kundi wanakumbuka, na wana skrinishoti. Kazi ya pili ni marekebisho ya wazi: "Kikao: ~Jumamosi~ *Jumapili saa 10 jioni*." Hapa kukata ni bora kuliko kuhariri. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini aliyeusoma hapelekewi taarifa mpya. Atakwenda Jumamosi. Hariri ni kwa nyota iliyoning'inia na kosa la tahajia. Mabadiliko ya siku, saa, mahali au fedha yatumwe upya, yakionyesha la zamani limekatwa.

Matumizi ya tatu ni ya utani, kuandika jambo, kulikata na kuliacha lionekane. Kwenye kundi la marafiki ni sawa. Kwenye kundi la kazi linasomeka kama kijembe, na lililokatwa ndilo linalosomwa kwanza.

Nukuu inafaa unapojibu hoja moja kutoka kwenye ujumbe mrefu wenye hoja tano. Kutelezesha ujumbe kulia ili ujibu kunauleta ujumbe wote, na wasomaji wanabaki kukisia unajibu lipi. Nakili sentensi moja, itangulize kwa >, kisha andika jibu chini yake. Nakili kama ilivyo. Ukinenepesha neno ndani ya maneno ya mtu mwingine, umeongeza sauti ambayo hakuitoa, na katika ugomvi wa kikundi hilo peke yake linatosha kuwasha moto mpya.

Tofautisha nukuu hii na alama za mtajo. Mabango na matangazo mengi yanatumia alama za mtajo kana kwamba ni za kusisitiza: tunauza maziwa "halisi", mafundi wetu ni "wazoefu". Kwa msomaji makini, alama hizo zinasema kinyume, kwamba neno limeazimwa na mwandishi mwenyewe halisimamii. Mama lishe anayeandika chakula "safi" amejitia doa bila sababu. Anayetaka neno lionekane alinenepeshe, au aliache lilivyo.

Herufi za mapambo na vilivyonakiliwa

Zipo programu na tovuti zinazogeuza maandishi kuwa herufi nzito za kubandika popote, hata Instagram na X. Zile si herufi zilizonenepeshwa. Ni alama za hisabati zenye umbo la herufi, na kompyuta inazihesabu kuwa vitu vingine kabisa. Kisomaji cha skrini kinaweza kuzitaja moja moja kwa majina ya kihisabati au kuziruka. Mara nyingi utafutaji hauzipati. Kwenye simu za zamani zinaonekana kama visanduku vitupu. Zikiingia kwenye SMS, ujumbe unaoruhusu herufi 160 unabadilishwa kwenda mfumo unaoruhusu 70, na kila herufi ya mapambo inahesabiwa mbili, hivyo gharama ya tangazo inapanda bila mtumaji kuelewa kwa nini. Jina la biashara hasa lisiandikwe nazo kamwe.

Ujumbe ulionakiliwa kutoka programu za akili bandia una tatizo jingine. Huko unene unaandikwa kwa nyota mbili kila upande, na vichwa vya habari kwa alama ya reli. Ukibandika WhatsApp, mara nyingi nyota za ziada zinabaki pembeni mwa maneno na reli zinabaki mwanzoni mwa mistari. Ondoa nyota moja kila upande, futa reli, kisha punguza: maandishi hayo huja na kitu kizito kila mstari, na kwa ujumbe wa simu vitu vizito viwili au vitatu vinatosha. Anayetumia kompyuta akumbuke kwamba Enter inatuma. Kwa mstari mpya ndani ya orodha bonyeza Shift na Enter pamoja, la sivyo kundi litapokea kipengele cha kwanza peke yake.

Alama

Kwa kazi ya kuonyesha tarehe, saa, mahali na kiasi: 9 kwa 10. Kwa hesabu ndogo za kikundi: 8, ikipunguzwa na ugumu wa kukipata kile kialama cha kuegemea. Kwa kusisitiza ndani ya sentensi za Kiswahili: 5, kwa sababu ya ishara kugoma katikati ya neno na kwa sababu lugha inafanya vizuri zaidi. Italiki peke yake ingepata 4. Kwenye skrini ndogo mlalo wake hauonekani vizuri, na zaidi ya dua, majina ya vitabu na maneno ya kigeni haina kazi inayoifanya vizuri.

Anayetaka kupiga mstari chini ya neno, au kuficha sehemu ya ujumbe mpaka iguswe, atavipata Telegram. Anayebaki WhatsApp aanze kwa kujitumia ujumbe mwenyewe: fungua gumzo lako mwenyewe, bandika tangazo, kisha litazame kwa mbali kidogo bila kulisoma. Kama maneno mazito unayoyaona, yakisomwa peke yake, yanatoa nini, lini na wapi, litume. Kama yanatoa "*lazima*", "*wote*" na "*tafadhali*", yahamishe kabla hujalipeleka kwa watu.